Picha safi zilizoficha jicho la mjukuu

Mjukuu alipotimiza miaka miwili, babu yake, mpiga picha mstaafu wa jijini Tanga, alitoa kabatini kamera yake ya filamu, Canonet QL17. Ni kamera ya aina ya renjifaina, isiyo na kile kioo kinachonyanyuka ndani wakati wa kupiga. Mpiga picha huchungulia kwenye kidirisha, hulinganisha taswira mbili mpaka ziwe moja, na hata flashi inapowaka anaendelea kumwona anayepigwa.

Safari hii alikuwa na vifaa viwili vidogo vya redio. Kimoja alikichomeka juu ya kamera, kingine akakiunganisha na flashi aliyoiweka juu ya kabati la vyombo, ikimulika ukutani. Akibonyeza, cha kwanza hutuma ishara na cha pili huwasha flashi, bila waya wowote.

"Nimeona mwenyewe, flashi imewaka na mtoto hakupepesa," alisema kwa furaha.

Filamu iliposafishwa, picha zilikuwa laini, macho yote mawili meusi, yamependeza.

Mama wa mtoto alizitazama kwa muda mrefu. Wiki kadhaa nyuma, katika picha aliyopiga usiku kwa flashi ya simu, mboni ya kulia ilitoka nyekundu, ya kushoto nyeupe. Hakumwambia mtu.

"Baba, kwako hakuna weupe. Basi ni simu yangu tu, eh?"

Babu alitamani kujibu ndiyo. Akanyamaza. Kwa zaidi ya miaka 30 alipambana na macho mekundu ya wateja, na alijua yanakotoka. Flashi ikiwa karibu na lenzi, mwanga hupita kwenye mboni, hugonga retina nyuma ya jicho, kisha hurudi moja kwa moja kwenye kamera. Ukiipeleka flashi pembeni, mwanga huo haurudi kwenye lenzi.

"Mwanangu, picha zangu zisikutulize," alisema. "Nimeuondoa wekundu. Kama kulikuwa na weupe, nao nimeuondoa. Kesho mpeleke hospitali."

Daktari wa macho alimtia mtoto matone ya kupanua mboni, akamchunguza. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Aliwaeleza kuwa weupe kama huo unaweza pia kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, ndiyo maana haungojewi. Wakati mwingine hutokana na pembe ya kamera tu, lakini wa kusema hivyo ni mtaalamu aliyelipima jicho. Na hata mtoto wa jicho, matibabu yakichelewa, ubongo huzoea kutolitumia jicho hilo.

Mjukuu alifanyiwa upasuaji. Sasa anavaa miwani, na jicho zima hufunikwa kwa saa kadhaa kila siku ili la kushoto lifanye kazi. Akililia kufunuliwa, babu ndiye humbembeleza.

Vifaa vyake vya redio bado anavitumia. Ila kila mtoto anayeletwa humpiga picha mbili: moja flashi ikiwa pembeni, ya kutundika ukutani, nyingine flashi ikiwa juu ya kamera. Hiyo ya pili humkabidhi mama mkononi.

"Tazama mboni," humwambia. "Ukiona nyeupe, usinirudie mimi. Nenda kwa daktari."