Moto wa Kipupwe Chini ya Sekenke

Mama alitambua kwamba kipupwe kimeingia kwa kuutazama moshi. Jioni moja ya mwezi wa sita moshi wa kuni zake uliacha kupanda, ukalala chini na kukimbilia upande wa Igunga, kwa maana upepo ulishaanza kuteremka kutoka mlima Sekenke. Hapo alinituma: "Mwanangu, lete bati."

Lilikuwa bati la nyumba lililokwisha kutoboka kwa kutu. Nililisimamisha upande wa mlimani, nikaliegemezea mawe matatu, na nyuma yake mama akapanga kuku wake wa kubanika na kuuza.

Mgeni akipita kwetu Shelui mchana hudhani hapa ni pa joto tupu. Tuko bondeni, ukingoni mwa mbuga za Wembere, na jua letu halina huruma. Lakini usiku wa Juni na Julai ardhi hupoa haraka, upepo unavuma, na mtu aliyeshinda kifua wazi unamkuta amejifunika kitenge cha mkewe.

Nazungumzia katikati ya miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi. Barabara ilikuwa ya vumbi na Sekenke ilikuwa jina la kutisha. Malori yaliupanda mlima ule yakiugulia, utingo akitembea nyuma na kipande cha gogo mkononi, tayari kukisukumia chini ya tairi gari likianza kurudi. Dereva aliyekuta jua limezama Shelui hakujaribu, alilala. Mabasi yalikuwa ya kuhesabu. Mengi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza yalizungukia Nairobi, abiria wakatoka nchini mwao na kuingia tena ili kufika nchini mwao. Waliotufikia sisi ni watu wa malori, na walikuwa na usiku mzima wa kukaa.

Mama hakuwa na jiko. Alikuwa na magogo ya mgunga, yanayowaka taratibu na kuacha makaa mazito. Kuku wa kienyeji alipasuliwa kifuani, akatanuliwa na kubanwa katikati ya mti uliochanwa, kisha ubanio ukachomekwa ardhini, umeinamia moto. Hakuwekwa juu ya moto, aliwekwa kando yake. Mapaja yalielekezwa kwenye makaa, kifua kikabaki mbali. Kwenye baridi, upande ulioupa moto mgongo hupoa kabisa, kwa hiyo ilibidi kugeuza kila mara na kupaka chumvi, ndimu na mafuta ya alizeti kwa kitambaa kilichofungwa kijitini. Kuku mmoja alichukua zaidi ya saa nzima. Firigisi ilibanikwa kwanza, ikapewa bure aliyenunua kuku, ili asione njaa akisubiri.

Kusubiri huko ndiko nisikokusahau. Watu wazima kumi, kumi na wawili, wamekaa juu ya mawe na ndoo zilizopinduliwa, mikono wameinyoosha motoni. Pale nilijifunza Kigali iko wapi, na kwamba Isaka kuna stesheni ya reli inayoshusha mizigo ya Rwanda. Wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke nao walikuja, nguo zimejaa vumbi la mawe, wakasimulia mashimo yaliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mtu asiye na fedha aliruhusiwa kukaa. Mama hakuwahi kumfukuza mtu motoni.

Kisha ikaja lami. Katika miaka ya 2000 kipande cha Singida hadi Shelui kilijengwa, na hatimaye barabara ikaunganika hadi Nzega. Nani angeilaumu? Wajawazito waliwahi hospitali, vitunguu vya Singida vilifika sokoni kabla havijaoza. Lakini lori halikuwa tena na sababu ya kulala kwetu. Mama alinunua nusu pipa la mafuta, likachomelewa miguu na wavu, akahamia kwenye mkaa. Kuku sasa anachemshwa nyumbani mchana, jioni anapitishwa tu kwenye wavu apate rangi. Alifungwa kwenye gazeti, baadaye kwenye rambo, na tangu rambo ilipopigwa marufuku Juni 2019 anafungwa kwenye karatasi ya kaki.

Kuku huyu ni mzuri, sikatai. Ila kuta za pipa zinaubana moto wote ndani. Unamfaa kuku, haumfai binadamu aliyesimama kando yake. Upepo nao unauchochea mkaa ukaisha upesi, na mkaa siku hizi ni ghali. Tulijaribu jiko la gesi pale nje. Kipupwe kilizima moto mara tatu kabla wavu haujapata joto.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Yanayotoka Dar es Salaam jioni hutupitia alfajiri, saa ambayo baridi ni kali kuliko zote. Abiria wanashuka kuchimba dawa wakitetemeka, watoto wamefungwa mashuka, dereva anapiga honi kabla ya dakika kumi kwisha. Dada yangu ndiye mwenye pipa sasa. Julai iliyopita niliamka naye, nikaburuta gogo moja la mgunga, nikaliwasha hatua chache kutoka kwenye pipa. Bibi mmoja alishuka, akalipita pipa, akaja moja kwa moja kwenye gogo. Akachuchumaa, akanyoosha mikono, akafumba macho. Kabla vidole vyake havijapata moto, honi ikalia.

Ndugu zangu madereva wa usiku, mwezi wa sita hadi wa nane mkifika Shelui wapeni abiria dakika ishirini. Gogo litakuwa linawaka, na kulikaribia hakulipiwi.