Amana Isiyo na Jina

Mirathi ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, haikuwa kubwa, wala hatukudhani kwamba ingekwama. Nyumba ilijulikana, madeni yalijulikana, na warithi ni sisi na mama. Kilichotukwamisha kilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la spana, kimefungwa kwa kipande cha kikoi kikuukuu: pete nzito ya shaba, upana wake kiasi cha sahani, yenye meno ukingoni na rangi ya dhahabu iliyofifia. Ndani ya kitambaa mlikuwa na karatasi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea watu wa rika lake: "Amana. Isiuzwe." Hapakuwa na jina wala tarehe.

Baba alikuwa fundi wa magari maisha yake yote. Kaka yangu mkubwa, aliyesimamia mirathi, alikwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwani shaba hupimwa kwa kilo na bei yake si haba. Simlaumu, ana watoto wanne na karo hazimsubiri. Lakini mama, naye yumo edani, alikataa katakata. Kitu cha watu, alisema, hakiuzwi wala hakigawanywi, na baba yenu hatalala vizuri mkikila. Mtafuteni mwenyewe.

Taabu ni kwamba hatungeweza kumjua mwenyewe kabla ya kujua kitu chenyewe ni nini. Shule zilikuwa zimefungwa nami nina nafasi, basi nikakitia katika kikapu cha ukili, nikaanza kuzunguka nacho mjini.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana hodari wa magari ya siku hizi. Alikigeuza mara mbili akanirudishia. "Gia za gari ni za chuma, dada. Hii si ya gari." Nikaenda kwa fundi wa mashini za mashua, maana shaba haili kutu katika maji ya chumvi. Yeye alifurahi kukiona, akajaribu kukilinganisha na vyake, matundu ya bolti yakakataa kuoana. Angeweza kunidanganya na kukinunua, hakufanya hivyo. Mwengine alisema ni cha mashini ya kusaga. Kila mtu alikitazama kwa macho ya kazi yake, na siku ya tatu kikapu kilikuwa kimeniuma bega.

Ndipo ami yangu aliponiambia habari za wazee wapenzi wa magari ya zamani, ambao hukutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Wengi ni madereva na mafundi waliostaafu. Mmoja bado anayo Morris Minor inayotembea, mwengine Land Rover isiyotembea ambayo huisifu zaidi. Baraza ya wanaume si mahali pangu, lakini nilikwenda na ami, nikapewa kiti na kahawa, na pete ikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga aliyeletwa kuonwa na jamaa.

Aliyeitambua ni mzee aliyekuwa akiendesha teksi za Peugeot kati ya Mombasa na Nairobi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinusa. Kisha akapitisha kidole juu ya meno. Yalikwenda upande, tena kila jino lilikuwa limebonyea katikati, kama mto ulioegemewa muda mrefu. "Mwanangu," akaniambia, "meno haya hayakukutana na gurudumu jengine. Yamekutana na skurubu."

Akanieleza kwa kijiti, akichora mchangani. Nguvu ya injini huja kwa chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari, na huko nyuma katika difu haina budi kugeuzwa iende kwenye magurudumu ya kulia na kushoto. Magari mengi hufanya hivyo kwa gia mbili za chuma. Peugeot za zama hizo zilitumia chuma kigumu kilichochongwa mfano wa skurubu, kikizungusha pete ya shaba. Difu ya namna hiyo hukaa kimya na hudumu, lakini meno yake huteleza na kusuguana sana, na hivyo hupata joto. Kwa hiyo upande mmoja ni chuma kigumu na wa pili ni shaba laini.

Ubishi ukazuka. Mmoja alisema ni ya 403, kwani nayo ilikuwa na difu hiyo, na hata 203 kabla yake. Mwengine akatuma mjukuu nyumbani akalete kitabu cha mafundi chenye michoro, kurasa zake zimeshikamana kwa grisi. Wakapima kwa rula, wakahesabu meno mara mbili, na wote wakakubaliana: Peugeot 404, tena ile ndefu ya abiria na mizigo. Basi hapo mazungumzo yakapotea njia. Gari hilo lilitoka mwaka 1960, na likashinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1963 na 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mimi nilikuwa bado kwenye lile la kunusa.

Nikamwuliza. "Nilitafuta harufu ya mbarika," akajibu. Mafuta ya kawaida ya difu huwa na dawa za salfa ambazo hula shaba; difu hii ilitaka mafuta yenye asili ya mbarika. Hata jina la Castrol, akasema, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Nikacheka peke yangu. Utotoni kulikuwa na galoni la mafuta ya mbarika katika rafu ya baba, nasi tulilikimbia tukidhani ni letu, la kutuharisha kabla ya shule kufunguliwa.

Kisha mzee akanyamaza kidogo. Alisema kwamba 404 ndefu ambayo mwenyewe hakuiuza aijua moja tu, iko Likoni, juu ya mawe. Akaongeza, akiangalia chini, maana alijua mimi ni binti ya nani: "Husemwa fundi alizila spea zake."

Tulivuka feri siku ya pili. Gari lilikuwa chini ya mwarobaini, upande wa nyuma umeinuliwa, ekseli haipo. Mwenyewe alifariki miaka sita nyuma. Mjane wake alitukaribisha kwa adabu isiyo na uchangamfu. Nilipokifungua kitambaa hakusema neno. Aliingia ndani akarudi na risiti yenye mkono wa baba: amepokea difu, amelipwa nusu ya ufundi, anangojea chuma cha skurubu, kwa kuwa kile cha zamani kimelika na viwili hivi hutakiwa viingie pamoja. Baadaye mume akaugua, wakahama mjini, na habari zikakatika. "Mamako nimempita katika harusi ngapi," akasema, "na salamu sikumpa."

Kaka aliitoa ile nusu ya fedha katika mali kabla ya kugawa, bila kuambiwa na mtu. Mjane hakuzitaka, alitaka gari lishuke mawe. Fedha zimewekwa kwa ajili ya chuma hicho, na wazee wa baraza wanakitafuta.

Alhamisi iliyofuata alivuka yeye, na sinia la vibibi limefunikwa kawa. Aliingia chumbani kwa mama, mlango ukarudishwa, na hawakutoka mpaka adhana ya magharibi.