Wageni wa Duka la Cherehani

Tovuti ya kwanza ya duka letu la cherehani, mitaa ya ndani ya Kariakoo nyuma ya Msimbazi, ilitengenezwa mwaka 2007 na kijana aliyekuwa amepanga kiofisi Posta. Ilikuwa na picha ya duka kwa mbele, namba ya simu, maelezo ya Kiingereza, na chini kabisa kikasha cheusi chenye tarakimu za kijani zilizoonyesha idadi ya wageni. Baba mdogo, mwenye duka, alikipenda kikasha kile kuliko kitu kingine chochote. Jioni, akishafunga hesabu, alinituma kafe ya intaneti nikamsomee namba, maana dukani hatukuwa na mtandao. Nilirudi nayo kwenye kikaratasi, naye akaiandika kwenye daftari la mauzo, mstari mmoja chini ya fedha taslimu.

Kikasha kilihesabu kila ukurasa ulipofunguka. Mtu akifungua, akatoka, akarudi, alishakuwa wawili. Taarifa ya kampuni iliyotuhifadhia tovuti ilikuwa tamu zaidi: yenyewe ilihesabu kila faili lililoombwa, kwa hiyo ukurasa wenye picha tisa ulitoa hesabu ya kumi kwa mgeni mmoja. Wafanyabiashara wa wakati ule walitajiana namba hizo kwa fahari, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wangapi walinunua.

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, mwaka uliofuata EASSy nayo ikaanza kazi, na haikuchukua muda tukavuta intaneti dukani. Hapo ndipo nikaweka Google Analytics, programu ya vipimo iliyotolewa bure tangu Novemba 2005. Namba ilishuka vibaya. Baba mdogo alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo wale wengine walikuwa akina nani, mwanangu?" Wengi walikuwa sisi wenyewe na marafiki zetu, tukifungua na kufungua tena.

Lakini wachache waliobaki walikuwa na sura. Sasa tuliona miji: Mwanza, Mbeya, Lilongwe, Lubumbashi. Haikuwa picha kamili, kwa kuwa programu hukisia mahali alipo mtu kwa anwani ya mtandao wake, na mteja wa Sumbawanga anayetumia simu angeweza kuonekana yuko Dar. Hata hivyo, kwa duka lililozoea kumtazama anayepita mlangoni tu, kujua kuwa Lubumbashi kuna mtu amekaa dakika nne akitazama cherehani zetu kulibadilisha mambo. Tuliona pia maneno yaliyowaleta. Karibu wote walioandika Kiswahili walianza na bei: bei ya cherehani ya umeme, bei ya ovaloki, bei ya cherehani Kariakoo. Kuanzia Oktoba 2011 Google ilianza kuyaficha maneno hayo, ikabidi tuyafuate kwenye zana yake nyingine, ile inayoitwa sasa Search Console. Ila tulikuwa tumeshaona vya kutosha. Watu walikuja kutafuta bei, na tovuti yetu haikuwa na bei hata moja.

Asiyeijua Kariakoo ataona hilo ni jambo dogo. Kariakoo bei haianikwi. Bei inategemea umekuja na nani, unachukua jumla au rejareja, umetoka mkoa gani, na kama unaijua bidhaa. Katikati yupo winga, kijana anayesimama barabarani, anamdaka mteja, anampeleka dukani na kuweka cha juu chake kwenye bei ya mwenye duka. Wapo wanaowatukana mawinga. Mimi sikubaliani nao: wameuza mzigo mwingi kuliko tangazo lolote la redio, na wengi wanazijua bidhaa kuliko wauzaji. Basi nilipopendekeza tuweke bei kwenye tovuti, wa kwanza kupinga hakuwa baba mdogo. Winga mmoja tuliyefanya naye kazi tangu akiwa mdogo alimfuata baba mdogo akasema, "Mzee, ukianika bei, mimi nitakula nini?" Majirani nao wakanuna, kwa kuwa bei yetu ikijulikana Mbeya, na yao itaulizwa.

Tuliziweka. Tulianza na aina chache, kila moja na bei ya rejareja, bei ya kuanzia cherehani tano, na tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho, maana dola ikipanda bei ya wiki iliyopita inakuwa uongo. Maelezo tukayaandika kwa Kiswahili cha mafundi. Ukurasa wa bei ukawa unatembelewa kuliko kurasa nyingine zote kwa pamoja, na mpaka leo ndivyo ulivyo.

Mwaka 2014 grafu ilipaa ghafla. Tulifurahi kwa siku chache, hadi nilipoona wageni wale wanatoka kwenye tovuti za ajabu tusizozijua na wanakaa sekunde sifuri. Walikuwa wageni hewa: programu zinazopandikiza majina ya tovuti zao kwenye vipimo vya watu ili mwenye tovuti abofye kwa udadisi. Maduka mengi duniani yalikumbwa na uchafu ule. Tukajifunza kuuchuja.

Aprili 2015 Google ilianza, kwenye utafutaji wa simu, kuzipa nafasi ya mbele kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Kwetu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa wateja wetu karibu wote walikuwa wa simu, na wa bando. Picha za duka alizozipenda baba mdogo zilikuwa nzito, mtu wa Songea alizisubiri mpaka akakata tamaa. Tuliziondoa zote, tukabakiza picha ndogo moja kwa kila cherehani, na kubofya namba ya simu kukawa ni kupiga. Simu ziliongezeka kuliko wageni walivyoongezeka, na hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa naitaka.

Kisha ikaja Instagram na wimbi lake la "bei njoo inbox", na baada yake WhatsApp ya biashara, iliyotoka Januari 2018. Kwa mauzo ilikuwa neema. Kwa vipimo ilikuwa giza, kwa sababu kiungo kikitumwa ndani ya kundi la mafundi, anayekibofya anaonekana amejileta mwenyewe. Tukarudi kwenye daftari. Kila anayenunua tunamuuliza ametufahamu wapi, na kijana wa kaunta anaandika: tarehe, mji, cherehani gani, nani kamleta. Safu ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwa makini. Imejaa "winga", "ndugu", "kapita", "bei mtandaoni", "fundi wake wa zamani". Hakuna programu ambayo ingeniambia hilo la mwisho.

Daftari ndilo lililotupatanisha na mawinga. Lilionyesha wazi kuwa wanaleta watu hata wasipokuwa barabarani, kwa kuweka picha zetu kwenye status zao. Kwa hiyo tukampa kila mmoja kiungo chake, chenye alama mwishoni inayosomwa na programu ya vipimo. Mteja analipa bei iliyoandikwa, winga anapata kamisheni yake iliyokubaliwa, na mwisho wa mwezi tunakaa naye tukilinganisha kiungo na daftari. Yule aliyeuliza atakula nini ana wateja Tunduma na Mpika ambao hajawahi kuonana nao.

Julai 1, 2023 mfumo wa zamani wa Google Analytics ulisimama, ukaja mpya unaohesabu matukio, na miaka ya nyuma haikulinganishika tena na ya sasa. Nilikuwa nimeshazinakili namba za kila mwezi kwa mkono. Mei 12, 2024 mikonga ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini, grafu ikalala, lakini simu za kawaida ziliendelea kuita dukani, kwa sababu namba yetu na bei zilikuwa tayari kwenye simu za watu kama picha.

Sasa ninahangaika na Lubumbashi. Wageni wa kule wanakaa muda mrefu kwenye ukurasa wa bei, wanarudi kesho yake, kisha hawapigi. Lugha si kikwazo, Kiswahili wanakisoma. Wachache waliopiga waliuliza jambo lile lile: mpaka cherehani ipite Tunduma, ivuke Zambia na itoke Kasumbalesa, jumla itafika shilingi ngapi? Bei yetu ya Kariakoo haiwajibu. Wiki hii nimeanza kuzunguka kwa mawakala wa mizigo, nikikusanya nauli kwa kilo na gharama za mpakani, ili ukurasa wa bei uwe na mstari wa Lubumbashi.