Uwapo Ugenini, Uliza Nani wa Mwisho

Ndugu msomaji, mtu anayejiandaa kwenda nchi za nje huelezwa mengi: pasipoti, chanjo, fedha za kigeni na nguo za baridi. Ni nadra kuelezwa jinsi ya kusimama na watu wa huko. Asimame nyuma ya nani, na kwa umbali gani? Kwa jambo hili dogo, watu waliolelewa vizuri huonekana ugenini kuwa watovu wa adabu, nao hawajui wamekosa nini.

Tuchukue Havana, mji mkuu wa Kuba. Mgeni afikapo mbele ya duka au kituo cha basi huona watu wametawanyika: wawili wamekaa kivulini, mmoja ameegemea ukuta, wengine wanazungumza ng'ambo ya barabara. Akidhani hapana foleni, akaenda moja kwa moja mlangoni, hupigiwa kelele. Foleni ipo, ila haionekani kwa macho. Desturi ya huko ni kwamba kila afikaye huuliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Aliye wa mwisho hujitambulisha, na tangu hapo aliyeuliza ndiye wa mwisho, mpaka atokee mwingine. Mwenye hadhari huuliza pia mtu huyo yuko nyuma ya nani, ili huyo akichoka na kuondoka, mpangilio usivurugike. Hivyo mzee hukaa kitako na zamu yake isipotee, kwa kuwa inalindwa na kumbukumbu za wenzake. Uaminifu huo nao una majaribu. Bidhaa zilipoadimika mwaka 2020, watu waliofanya biashara ya kuuza nafasi walizidi, hata serikali ikaanza kuwasaka.

Uingereza mambo ni mengine. Foleni ya huko ni mstari ulionyooka, na kati ya mtu na mtu huachwa nafasi. Anayeipenya pengine haambiwi neno. Hutazamwa tu, na jicho hilo ni hukumu tosha. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki Septemba 2022, watu wapatao 250,000 walipita mbele ya jeneza lake katika ukumbi wa Westminster, baada ya foleni ndefu kando ya mto Thames. Walivalishwa utepe wenye namba mkononi, ili mtu aweze kwenda msalani na kurudi mahali pake. Mcheza kandanda mashuhuri David Beckham naye alisimama humo kwa zaidi ya saa 12.

Ama umbali, mtaalamu wa Kimarekani Edward T. Hall alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba Wamarekani aliowachunguza waliona nafasi ya chini ya sentimita 45 hivi kuwa ni ya watu wa karibu sana, kama mume na mke au mzazi na mtoto. Waarabu, aliandika, huzungumza kwa kukaribiana zaidi, na kwao anayejitenga ndiye anayeonekana mkavu. Nasi tuna yetu. Wanaume wawili wanaotembea Kariakoo wameshikana mikono ni marafiki tu. Katika miji mingi ya Ulaya watadhaniwa mengine.

Wala usidhani kila taifa lina kipimo kimoja cha siku zote. Wajapani husalimiana kwa kuinama, bila kugusana. Lakini asubuhi katika stesheni za Tokyo, baada ya kupanga mstari kwenye alama za sakafuni na kuwasubiri wanaoshuka, huingia garimoshini wakabanana bega kwa bega. Adabu yao wakati huo ni ukimya: hawapigi simu, na mkoba wa mgongoni huhamishiwa kifuani.

Desturi hizi zote, ndugu msomaji, zinalinda haki moja: aliyetangulia atangulie, awe mnyonge au mwenye nguvu. Alama zake tu ndizo zinazotofautiana. Ndiyo maana wahenga walisema, ukifika kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Msafiri atulie kwanza, atazame, kisha aulize. Swali moja la upole halimvunjii mtu heshima.

Nasi si wageni wa haki hiyo. Neno foleni limetokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari, lakini tumelifanya letu. Katika uhaba wa miaka ya 1980, kikapu au jiwe liliweza kumshikia mtu nafasi mbele ya duka la ushirika, na jirani akalitambua, kama Havana. Leo, basi linapofika kituoni jioni na vijana wakaingia kwa madirisha, wanaobaki chini ni mama mjamzito na mzee mwenye mkongojo. Tuwafundishe watoto wetu kuuliza nani wa mwisho hapa hapa nyumbani, kabla hawajapata pasipoti.