Mbele ya Fundi, Gari Ni Zima

Gari lililokufa kabisa halina siri. Unalivuta hadi gereji, fundi anafungua boneti, anapata kilichovunjika, anakutajia bei, mnabishana kidogo, basi. Shida ni gari linaloumwa kwa zamu. Linazima mlimani, linakaa dakika kumi, kisha linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ukilipeleka kwa fundi linanguruma vizuri kabisa. Fundi analiangalia gari, anakuangalia wewe, na unaona ameshaamua ni nani mgonjwa kati yenu.

Pikapu ya mama yangu ilitufanyia hivyo karibu miezi minne, mwaka 2022. Ni ya dizeli, ya zamani, haina kompyuta wala taa ya kukuonya. Ilikuwa ikibeba vitunguu na nyanya usiku kutoka upande wa Naivasha, inapitia Mai Mahiu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Rironi, kisha inaingia Marikiti kabla jua halijatoka. Anayeijua barabara ile anajua si mahali pa kuzimiwa na gari. Malori yanapanda pole pole mbele yako, mengine yanateremka kwa kasi, na upande mmoja ni bonde tupu. Chini ya mlima kuna kanisa dogo sana, lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Ukishalipita na kuanza kupanda, ndipo pikapu yetu ilipochagua kukata roho.

Dereva wetu, ambaye sote tunamwita Mzee tu, alikuwa ameiendesha miaka 11. Maelezo yake hayakubadilika hata siku moja: "Inaanza kukosa nguvu. Nikikanyaga mafuta haivuti. Inakohoa mara mbili, tatu, halafu inazima. Nikikaa kidogo inawaka."

Hakuna mwingine aliyeshuhudia. Mama alipanda naye siku moja mchana, gari likiwa tupu, wakafika Rironi wakipiga stori. Binamu yangu akaliendesha hadi Naivasha na kurudi. Likaenda kama maji.

Fundi wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli. Wiki nzima pikapu haikuzima, tukamsifu. Ikazima tena. Wa pili alitoa nozeli, akazisafisha, akazipima. Siku tano za raha. Wa tatu alibadilisha waya unaoenda kwenye ile swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu. Siku nane. Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa ugonjwa wa aina hii: kila daktari anapata sifa. Kwa kuwa ungepoa wenyewe hata hivyo, chochote ulichofanya jana kinaonekana ndicho dawa. Fundi wa nne hakutaka hata kutuona tukirudi bila pesa. Alisema pampu yote ifunguliwe, elfu 38.

Wakati huo mazungumzo ya nyumbani yalikuwa yamehama kutoka kwa gari hadi kwa Mzee. Kenya dereva akisema gari linakosa mafuta, watu wanasikia jambo lingine. Wanasikia mpira wa kunyonyea na mtungi kando ya barabara. Wanasikia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo uliozoeleka hadi serikali ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili usilipe tena. Mama alianza kupima tangi kwa fimbo kila jioni. Anaichovya, anaitoa, anaweka alama kwa kalamu. Mzee alikuwa anasimama pale pale akimwangalia, funguo mkononi, bila kusema kitu. Shehena mbili za nyanya zilikuwa zimefika Marikiti saa tatu asubuhi, soko limeshapoa. Kuna mtu alikuwa amepatikana wa kuchukua nafasi yake.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya kompyuta, na huko pia kuna hitilafu zinazojificha ukiita mtu aje kuziona. Kitu kimoja tunachofunzwa ni kwamba ukiambiwa "huwa inatokea tu", hujaambiwa kitu. Uliza lini, wapi, baada ya muda gani, na nini kilikuwa tofauti siku ambayo haikutokea. Kwa hivyo nilimpigia Mzee kila akifika, nikaandika kwenye simu. Safari 14. Ilizima mara sita, zote mlimani, zote ikiwa na mzigo. Haikuzima hata mara moja ikiwa tupu. Mvua au kiangazi haikujalisha. Na jambo moja ambalo alikuwa amewaambia mafundi wote, hakuna aliyeliandika: "Ile pampu ya mpira ya mkono, pale juu ya filta. Ikizima, naikuta imezama ndani. Hairudi juu. Nikingoja, inajirudia yenyewe."

Nilipeleka karatasi hiyo kwa fundi wa malori pale Mai Mahiu, kijana wa rika langu. Aliisoma mara mbili akiwa ameegemea tairi. Kisha akanifunza dizeli kwa dakika tano.

Injini ya petroli inahitaji cheche. Ya dizeli haina cheche. Inaibana hewa hadi inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, halafu mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Ndiyo akili ya Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepewa hataza yake mwaka 1893. Kwa hivyo maswali ni machache: hewa iko? Inabanwa? Mafuta yanafika? Injini iliyochoka kubana haiponi kwa kupumzika dakika kumi. Filta ya hewa ikiziba, utaona moshi mweusi, na Mzee alisema hakuna. Yanabaki mafuta. Na ile pampu ya mkono ilikuwa imeshatoa ushahidi: kama hewa ingekuwa inaingia kwenye paipu, ingelegea, ukiibonyeza husikii kitu. Kuzama na kukataa kurudi maana yake injini inavuta, na huko nyuma kuna kitu kimeziba.

"Mzee wenu amewaambia ugonjwa wote," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnataka nini kingine?"

Hakubadilisha hata skrubu. Alifunga mtungi wa lita kumi nyuma ya kebini, akatoa paipu ya tangi, akaunganisha mpira unaoonyesha ndani kutoka mtungini hadi kwenye filta, na paipu ya kurudisha mafuta akaielekeza mtungini pia. Akasisitiza mzigo uwe ule ule wa kila siku. Tukapanda watatu, Mzee kwenye usukani. Tukalipita kanisa, tukapita pale pa kuzimia, hadi juu. Tukashuka, tukapanda tena. Haikukohoa. Kisha akarudisha paipu ya tangi, na safari ya tatu, dakika chache baada ya kanisa, pikapu ikapoteza nguvu, ikakohoa, ikazima. Mzee aliweka hazadi, akavuta breki ya mkono, akatugeukia.

"Si mmeiona?"

Tangi lilipofunguliwa, ndani kulikuwa na kipande cha juala, upana wa kiganja. Aprili ile kulipokuwa na uhaba wa mafuta, pikapu ilikuwa imenyweshwa dizeli ya mtungi mara mbili, na wauza mitungi wanapenda kuweka nailoni chini ya kifuniko isivuje. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini haikuisha. Injini ikiwa haina kazi nzito, inavuta mafuta kidogo na kipande kinaelea zake. Mlimani, na mzigo, inavuta kwa nguvu, kipande kinaenda kuziba mdomo wa paipu. Injini ikizima, mvuto unaisha, kinabanduka. Gereji, gari likiwa limesimama, mafundi wangeweza kusikiliza injini hadi Krismasi.

Kazi yote ilikuwa shilingi 3,500, na chai.

Naifikiria ile karatasi ya safari 14 kuliko juala. Haikuwa na neno hata moja ambalo Mzee hakuwa amelisema mwanzoni. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa imeandikwa, na mtu aliyesoma hakuanza kwa kujiuliza kama aliyeyasema ni mwizi. Kumwamini mtu hakumaanishi kuacha kupima. Fundi yule alipima kuliko wote waliomtangulia. Lakini alipima gari.

Mama hakuomba msamaha, si kawaida yake. Fimbo ilipotea nyuma ya mlango wa jikoni, nadhani iliwashwa moto. Wiki hiyo hiyo alinunua chujio kubwa la bati, akampa Mzee akae nalo garini, dizeli ikitoka mtungini ipite hapo kwanza. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka nyuma ya kiti, akauliza mzigo wa kesho ni saa ngapi.