Mbegu Yetu Inalala Wapi?

Wazee walisema: Akiba haiozi. Ni neno jema, nasi twawafundisha watoto wetu. Lakini sisi watu wa Kongo twajua ya kwamba akiba yaweza kuoza hata ndani ya sanduku lenye kufuli. Mwishoni mwa Desemba 1979 noti za zaire 5 na za zaire 10 zilikatazwa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili. Wengi wa vijijini, walio mbali na benki, walibaki na makaratasi mikononi. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franka 1 ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: franka moja ya mwaka ule ilisimama mahali pa zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyejaza kitabu chake cha akiba kwa jasho la miaka mingi hakuibiwa na mwizi. Bei za sokoni ndizo zilizomla.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa Kamina, akipata fedha kidogo zilizobaki baada ya chakula na masomo ya watoto, anakaa na kujiuliza: Niziweke? Nizitie katika biashara? Au nijaribu bahati? Tusimcheke. Ni swali la maana, nalo yatupasa kulipima polepole, kama vile mama apimavyo unga sokoni.

Kwanza tutenganishe bahati za namna mbili, maana watu wengi huzichanganya. Kijana anayenunua karatasi ya kubahatisha mpira ametoa fedha zake kabisa. Timu yake ikishindwa, fedha zimekwenda, hazirudi. Hiyo ni kula mbegu. Lakini iko bahati nyingine, ambayo mbegu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Watu wengi wanaweka fedha pamoja. Faida ya fedha zile haigawiwi kwa wote, bali inakusanywa, kisha inatolewa kwa kura kwa wachache. Asiyepata tuzo bado ana fedha zake, naye anaweza kuzidai.

Uingereza walianza kuuza karatasi za akiba za namna hiyo Novemba 1956, nao waliziita Premium Bonds. Kura ya kwanza ilipigwa Juni 1957. Kila karatasi ilikuwa ya paundi moja, nayo ilikuwa na nafasi moja katika 9,600 ya kupata tuzo kila mwezi. Tuzo kubwa ilikuwa paundi 1,000, na ndogo kabisa paundi 25. Faida iliyokusanywa ilikuwa asilimia 4 kwa mwaka. Tuseme basi mtu alikuwa na karatasi 100. Kwa hesabu, angetazamia tuzo moja katika miezi 96, yaani miaka minane. Kama angepewa faida ile asilimia 4 mkononi mwake kila mwaka, kwa miaka minane angepata paundi 32. Lakini kura haina haki ya namna hiyo. Katika watu kumi wenye karatasi 100 kila mmoja, karibu wanne wangemaliza miaka minane bila tuzo hata moja, na wengi wa waliobaki wangepata ile ndogo.

Mtu atasema: Basi ni upumbavu. La, si upumbavu. Wako watu ambao fedha hazikai mfukoni mwao. Leo wanazo, kesho ndugu amekuja, keshokutwa pombe imekunywa zilizobaki. Mtu wa namna hiyo, tumaini la tuzo likimshika mkono asitoe fedha zake, amepata faida kubwa kuliko asilimia 4: amepata akiba, naye hakuwa nayo kamwe. Hata Afrika Kusini benki moja, First National Bank, ilijaribu jambo hilo mwaka 2005, ikitoa tuzo ya randi milioni moja kila mwezi. Watu wengi walikimbilia, mpaka mwaka 2008 mahakama ikaamua ya kwamba ni bahati nasibu isiyoruhusiwa na sheria.

Lakini tusiende mbali, maana sisi wenyewe tuna kura yetu. Tazameni likirimba. Watu kumi wanatoa fedha sawa kila mwezi, na mmoja anabeba zote. Vikundi vingine hupanga zamu kwa kura. Hapo kila mtu atashinda. Kura yasema tu atashinda lini. Anayepata wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Anayepata wa mwisho ameweka akiba bila faida, na bei zikipanda katika miezi ile kumi, fungu lake limepungua. Tena, aliyekula wa kwanza akipanda treni ya Lubumbashi asirudi, likirimba limekufa. Kwa hiyo ngome ya likirimba ni kujuana. Tusiingie na watu ambao hatujui mlango wa nyumba yao.

Dada yake likirimba ni kile kikundi kiitwacho AVEC. Watu kama ishirini wanakutana kila juma, kila mmoja ananunua fungu moja mpaka matano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu mbalimbali. Fedha wanakopeshana wenyewe kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka wanagawana kwa kadiri ya mafungu. Hapo hakuna kura. Faida inatoka katika kazi ya wale waliokopa, nayo inarudi kwa wote. Haileti shangwe kama tuzo, lakini inafika.

Halafu iko biashara. Kamina ni njia panda ya reli: moja yatoka Lubumbashi, moja yaenda Ilebo, moja yaenda Kabalo. Anayenunua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza wakati wa njaa anaweza kupata faida ambayo hakuna benki itakayompa. Anayeleta samaki wakavu wa Upemba vilevile. Lakini wadudu hula mahindi, mvua huozesha samaki, na treni huchelewa majuma mazima. Biashara ni njema, lakini si mahali pa kulaza fedha za masomo au za hospitali.

Na mwisho iko njia ambayo inavaa nguo ya akiba, na ndani yake ni shimo. Kati ya 1990 na 1991 watu wa Kinshasa walipanga mistari mbele ya nyumba ya Bindo Promotion, kwa sababu iliahidi kurudisha fedha mara kadhaa baada ya muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli. Walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Wapya walipopungua, mlango ulifungwa, na akiba za maelfu ya watu zilipotea. Tanzania nayo ilipata DECI, iliyozuiwa na serikali mwaka 2009. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na maneno yao yalikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna. Sisi watu wa kanisa tukumbuke hilo: neno takatifu midomoni mwa mtu si ufunguo wa sanduku. Mtu akiahidi tuzo kwa kila mmoja, bila kura wala kazi, tumwulize: Faida hiyo inatoka shamba gani?

Basi tupange hivi. Fedha ambazo siku yake twaijua, kama masomo ya Septemba, zilale mahali salama na karibu, wala zisikae muda mrefu katika fedha inayopungua thamani. Fedha za mwaka ziingie kikundi cha watu tunaowajua. Fedha ambazo tukizipoteza watoto watakula bado, hizo ziende katika mahindi na samaki. Na tukitaka bahati, tuitolee faida tu, tusiitolee mbegu kamwe.

Mtu akija na habari ya tuzo, tusimwulize kwanza ni kubwa kiasi gani. Tumwulize: Nisipoipata, mbegu yangu inalala wapi, nani ana ufunguo, na siku nikiitaka itanunua kiasi gani cha unga? Akijibu yote matatu waziwazi, tumsikilize. Akikasirika, tushike fedha zetu, tumuage kwa heshima.