Herufi L Kwenye Karatasi

Kabla ya Korona, Wakenya wengi walijua hesabu moja tu ya chembe za kinga: CD4. Watu waliulizana kwa sauti ya chini, "Yako ni ngapi?" Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu aanzishiwe dawa akiwa na 350 kushuka chini. Mwaka 2013 mpaka ukapandishwa hadi 500. Mwaka 2015 ukaondolewa kabisa: ukiwa na virusi, anza dawa. Miili ilikuwa ile ile, mpaka ndio uliohama.

Hiyo ndiyo historia niliyokuwa nayo kichwani Aprili 2021, Kiambu ikiwa imefungwa pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mjomba wangu alikuwa kwetu Kimbo, Ruiru, siku ya sita ya kikohozi. Kliniki ya mtaa ikamtoa damu, tukapewa karatasi ya hemogramu. Karibu kila mstari ulikuwa sawa ila mmoja: limfosaiti 0.7, na herufi L kando yake. Binamu yangu akaingia Google, akasoma, akatangaza, "Hii ni mbaya, wasee."

Alikuwa na sababu. Kwa mtu mzima, limfosaiti huwa kati ya bilioni 1 na 4 hivi kwa kila lita ya damu. Ndiyo familia ya chembe nyeupe ambayo hata CD4 zimo. Januari 2020, ripoti ya wagonjwa 41 wa Wuhan, katika jarida la The Lancet, ilionyesha zaidi ya nusu yao walikuwa na limfosaiti chache. Baadaye ikaonekana kwamba waliozidiwa mara nyingi ndio walikuwa na chache zaidi. Nyutrofili nazo, chembe zinazokimbilia penye uvimbe, hupanda. Ndiyo maana madaktari wengi waligawanya nyutrofili kwa limfosaiti: jibu likizidi kukua, mgonjwa anachungwa kwa karibu.

Lakini namba hizo zina mambo yake. Deksamethasoni, dawa iliyopata jina enzi za Korona, yenyewe hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Ukipima baada ya kuimeza, hujui unasoma ugonjwa ama dawa. Halafu kuna sisi wenyewe. Waafrika wengi wana nyutrofili chache wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya badiliko katika jeni ya Duffy, lile lile linalokinga dhidi ya malaria ya vivax. Kwa hivyo mpaka uliochorwa Wuhan unaweza kusema mtu wa Ruiru yuko sawa, kumbe anazama. Mwaka 2008 watafiti walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wa Kericho. Kazi kama hiyo inahitajika zaidi.

Mama hakutaka hadithi za jeni. Aliuliza swali moja: "Tumpeleke ama tungoje?" Kumpeleka kulimaanisha pesa za chama na karo ya mdogo wangu. Daktari wa kliniki alituambia namba moja haitoshi, turudie kipimo kesho kutwa, na usiku tupime oksijeni kila baada ya saa mbili. Tukaazima oksimita kwa jirani, tukapeana zamu. Saa tisa usiku, ndani ya kafyu, ikasoma 89. Mjadala ukaisha. Hospitali ya kwanza ilitaka malipo ya awali kabla ya kumpokea. Tukakaa ndani ya Probox karibu saa nzima tukipigia watu simu, mjomba akihema.

Alipona, baada ya siku 11 za oksijeni. Siwezi kusema limfosaiti zilimwokoa, maana kilichotutoa nyumbani ni ile 89. Lakini bila ile L tungelala fofofo. Jioni hiyo alikuwa amekula ugali na kusema yuko fiti.

Hemogramu inafanywa kwenye maabara ndogo nyingi kando ya Thika Road, na homa za mapafu bado zipo. Tunahitaji mipaka iliyopimwa kwa damu yetu, na mtu wa kutusomea karatasi kabla hatujaibeba kwenda nayo nyumbani.